Kichwa Butu au cha Ncha? Mwongozo Kamili wa Risasi, Hewa na Shabaha kwa Mwindaji wa Tanga

Chukua pakiti mbili za risasi za .30-06 Springfield. Kichwa cha kila risasi, ile sehemu inayoruka hewani, kina greni 180, yaani gramu 11.7, na vyote vinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 823 kwa sekunde. Tofauti ni moja: pakiti ya kwanza ina vichwa butu, ya pili ina vichwa vya ncha. Ipi uende nayo pori la Handeni?

Wawindaji hubishana sana juu ya hili. Mmoja atakuambia kichwa butu kinapasua kichaka bila kupotea njia, mwingine atakuambia cha ncha hakishuki. Kwa umbali ambao sisi huku Tanga tunapiga kweli, mita 50 hadi 200, la kwanza si sahihi na la pili lina ukweli mdogo kuliko linavyosemwa. Ndani ya mita hizo, umbo la kichwa haliamui sana risasi itashuka kiasi gani. Linaamua upepo utaisukuma kiasi gani pembeni, na itakuwa imebakiwa na kasi gani ikifika mwilini. Haya mawili ndiyo yanayotenganisha mnyama anayeanguka palepale na yule anayeondoka na jeraha akafie bondeni, tai wamwone kabla yako. Mtu akishapewa leseni ya kuua mnyama, anadaiwa kumuua upesi. Kwa sababu hiyo nimeandika kwa urefu.

Mwongozo huu ni wa mwenye kibali. Bunduki iwe inamilikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji uwe na leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa mnyama aliyetajwa na mahali palipotajwa. Ndani ya Hifadhi za Taifa za Saadani na Mkomazi hakuna kuwinda. Kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari, au kummulika usiku, ni kosa. Kwa wanyama hatari kama nyati, kaliba ya chini (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) ni .375, kwa hiyo nikitaja .30-06 nazungumzia kongoni, kuro, ngiri, pongo na wa kadiri yao.

Hewa inavyoikamata risasi

Mwendo wa sauti katika joto la nyuzi 30 ni karibu mita 349 kwa sekunde. Risasi yetu inatoka kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo huo, na hewa iliyo mbele yake haiwahi kupisha. Inabanwa mpaka inakuwa wimbi kali la mgandamizo, lile linalolia kama mjeledi risasi ikikupita. Kulizalisha wimbi hilo kunagharimu nguvu, na nguvu hiyo inakatwa kwenye mwendo wa risasi yenyewe. Kichwa butu kinazalisha wimbi zito lililosimama mbele yake. Kichwa cha ncha ndefu kinazalisha wimbi jembamba lililolala kuelekea nyuma. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya pakiti zetu mbili inatoka hapo.

Mvuvi wa Pangani analijua hili kwa mikono yake: omo ya jahazi ikichongwa vibaya chombo kinakuwa kizito, na hata omo ikiwa nzuri, tezi pana linaburuta maji nyuma. Risasi nayo ina nyuma. Kitako bapa kinaacha ombwe linaloivuta irudi. Kitako kilichopunguzwa kidogo kwa mviringo kinapunguza ombwe hilo. Lakini faida ya kitako cha namna hiyo inakuja mbali, kuanzia mita 400 hivi. Kwa mita 150 hutaiona kwenye karatasi ya shabaha, wala kwa mnyama, na si sababu ya kulipa zaidi dukani.

Watengenezaji huandika kwenye pakiti namba yenye herufi BC. Inaeleza kichwa hicho kinapenya hewa vizuri kiasi gani kikilinganishwa na kichwa cha mfano, ambacho asili yake ni majaribio ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani mwaka 1881. Namba ikiwa kubwa, kichwa kinapoteza mwendo polepole. Kichwa butu cha greni 180 kwa kaliba ya .30 kina BC ya karibu 0.25, cha ncha nzuri cha uzito uleule kinafika 0.48. Angalia kitu kimoja ukilinganisha: kama pembeni ya namba pameandikwa G1 au G7. Hivyo ni vichwa viwili tofauti vya mfano, na kichwa kilekile kikipimwa kwa G7 namba yake hutoka ndogo, karibu nusu ya ile ya G1. Mtu asiyejua atadhani anauziwa risasi mbaya.

Uzito nao una sehemu yake. Gawa uzito wa kichwa kwa upana wake mara upana wake na utaona kwa nini kirefu chembamba kinashikilia mwendo kuliko kifupi. Kwa hesabu inayotumika viwandani, greni 150 za kaliba ya .30 hutoa 0.226, greni 180 hutoa 0.271, na greni 300 za .375 hutoa 0.305. Namba hii ina faida mbili: inasaidia hewani, na inasaidia zaidi ndani ya mwili, kichwa kinapotakiwa kusukuma nyama na mfupa.

Hesabu za pakiti zetu mbili

Nimekokotoa kwa hewa ya usawa wa bahari, darubini ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu, bunduki ikiwa imerekebishwa kugonga katikati kwa mita 100, na upepo wa mita 5 kwa sekunde ukivuma ubavuni moja kwa moja. Namba ni za makadirio.

| Umbali | Aina | Mwendo (m kwa sekunde) | Kushuka (sm) | Kusukumwa na upepo (sm) |
|---|---|---|---|---|
| Mita 100 | Butu | 705 | 0 | 5 |
| | Ncha | 757 | 0 | 2.5 |
| Mita 200 | Butu | 600 | 16 | 21 |
| | Ncha | 695 | 13 | 11 |
| Mita 300 | Butu | 500 | 59 | 51 |
| | Ncha | 638 | 47 | 25 |

Soma mstari wa mita 200 mara mbili. Kwa kushuka, tofauti ya butu na ncha ni sentimita 3. Hakuna mtu anayepiga akiwa amesimama, amechoka kwa kufuata nyayo tangu alfajiri, ambaye mkono wake utazitambua sentimita 3. Kwa upepo tofauti ni sentimita 10, na hizo zinatosha kuutoa mpigo kwenye mapafu na kuupeleka tumboni. Kwa nguvu, cha ncha kinafika na takriban jouli 2,800, butu na jouli 2,100. Wote wawili walitoka mtutuni na jouli zaidi kidogo ya 3,900. Hewa imechukua karibu nusu ya nguvu za kichwa butu ndani ya mita 200 tu.

Anayetaka kuona ni nini hasa kinachoamua kushuka, atazame historia ya mji wake. Jeshi la Ujerumani lilipitisha risasi ya ncha mwaka 1905, lakini vita vilipopiganwa Tanga mwezi Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walikuwa na Mauser za 1871: kaliba ya milimita 11, kichwa kizito butu, baruti ya moshi mwingi, mwendo wa karibu mita 430 kwa sekunde. Risasi ile, ikipimwa kutoka kwenye mstari wa mtutu, ilikuwa imeshuka zaidi ya mita nzima ilipofika mita 200. Kichwa butu cha .30-06, kwa umbali huohuo na kipimo hichohicho, kimeshuka sentimita 36, na cha ncha 32. Uvutano unaivuta kila risasi sawasawa. Inayofika mapema ndiyo inayovutwa kwa muda mfupi. Kwa masafa ya karibu, mwendo wa kutokea una uzito kuliko umbo.

Hatua ya 1: Ujue umbali wako wa kweli

Pori la miombo la Handeni na Kilindi, na vichaka vya pwani kuanzia Pangani kushuka Bagamoyo, havikupi mita 300. Kwenye nyasi ndefu kabla ya kuungua, mara nyingi hata mita 80 ni bahati. Wazi halisi unaupata mbugani na kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa, na huko jicho linadanganya: mnyama aliye kivulini huonekana yuko mbali, na aliye juani, hewa ikiwa safi baada ya mvua, huonekana yuko karibu.

Jizoeze hivi. Ukitembea njiani bila bunduki, chagua mti, kisia umbali, kisha uhesabu hatua mpaka ufike. Pima kwanza hatua zako kwenye mita 100 zilizopimwa kwa tepu, kwa sababu hatua ya mtu wa kawaida haifiki mita. Baada ya wiki chache makisio yako yatakaa sawa mpaka mita 150. Kama una kipima umbali cha mwanga, kitumie kukagua makisio yako, na bado uendelee kukisia, maana pongo hatakusubiri ukitoe mfukoni.

Kisha jiwekee kikomo, kiwe kile unachoweza kupiga kwa uhakika ukiwa na fimbo za kulengea, na si kile kinachoelezwa kwenye pakiti. Karatasi ya ukubwa wa sahani ya chai, sentimita 15, ndiyo kipimo cha mapafu ya pongo. Umbali ambao risasi zako zote tano, ukiwa umesimama na fimbo, zinaingia ndani ya duara hilo, huo ndio kikomo chako kwa mnyama mdogo. Kwa kuro au kongoni duara laweza kufika sentimita 25.

Hatua ya 2: Chagua kichwa kwa mnyama, kisha kwa hewa

Mpangilio huu ni muhimu, na wengi huugeuza. Umbo linaloipenya hewa vizuri si lazima liupenye mwili vizuri.

Kichwa laini kinatakiwa kifunguke kikigusa nyama, ili kikate njia pana. Kufunguka kunategemea kasi ya kufikia. Vichwa vingi vya kawaida vyenye madini laini ya risasi ndani na ganda la shaba nje huhitaji karibu mita 550 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Vile vya shaba tupu huhitaji zaidi, karibu mita 600. Rudi kwenye jedwali. Kichwa butu kwa mita 200 kina mita 600 kwa sekunde. Kwa kawaida ni sawa, kwa sababu butu huwa na madini laini mengi yaliyo wazi mbele na hufunguka kirahisi. Kwa mita 300 kiko chini ya mpaka. Cha ncha kina nafasi mpaka mita 300 na kupita. Hii ndiyo faida kubwa ya umbo zuri, nayo inatajwa mara chache kuliko ile ya kushuka.

Upande wa pili, kichwa chenye kasi kubwa kikipigwa karibu sana, mita 30 au 40 kichakani, kinaweza kufunguka haraka mno kikavunjikavunjika begani kabla ya kufika moyoni. Vichwa vya ncha ya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili ya masafa marefu ndivyo vyenye hatari hii zaidi. Kwa mapori yetu, kama utachukua cha ncha, chukua kile ambacho ganda lake limeunganishwa imara na madini ya ndani, au cha shaba tupu.

Kwa nyati mambo yanageuka kabisa. Hapo kichwa kigumu kisichofunguka kinatakiwa kipite nyama na mfupa kwa mstari ulionyooka. Kichwa kigumu cha ncha hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu uzito wake mwingi uko nyuma. Kikiingia kwenye nyama hupinduka na kwenda ovyo. Kichwa kigumu chenye pua bapa hukaa kwenye mstari wake. Hewani pua bapa ni mzigo, lakini nyati hapigwi mita 200. Anapigwa mita 40, na kwa mita 40 hewa haijapata muda wa kufanya chochote. Mwenye .375 Holland & Holland Magnum ya greni 300 ikitoka kwa mita 770 kwa sekunde asiumize kichwa na BC akiwa nyuma ya nyati. Kaliba hii imekuwapo tangu mwaka 1912, na heshima yake huku Afrika Mashariki imetokana na kupenya mwilini.

Msimamo wangu, basi: pori zito lisilozidi mita 120, na una kichwa butu laini kinachopiga vizuri kwenye bunduki yako, kitumie bila wasiwasi. Mahali palipo wazi, au upepo wa kusi ukiwa umekolea, chukua cha ncha chenye ganda imara. Kwa mtu anayetaka aina moja tu ya risasi mwaka mzima, cha ncha cha greni 180 kwa .30-06 kinatosha kote.

Hatua ya 3: Hakikisha mtutu unakizungusha kichwa inavyotakiwa

Mifereji ya ndani ya mtutu huizungusha risasi ili isipinduke hewani. Kichwa kikiwa kirefu zaidi kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mwingereza Alfred George Greenhill aliiwekea hesabu mwaka 1879. Kumbuka kinachohesabika ni urefu, si uzito. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha greni 180 ni kirefu kuliko cha kawaida cha greni 180, na mtutu unaozungusha polepole unaweza kushindwa kukituliza.

Bunduki nyingi za .30-06 huzungusha mara moja kila inchi 10 na hazina tatizo. Baadhi ya .308 Winchester huzungusha mara moja kila inchi 12, na kwa hizo nashauri kutopita greni 165 au 168 ukitumia shaba tupu. Karatasi ndiyo hakimu: tundu likiwa duara kamili, kichwa kimetulia, likiwa refu, kichwa kimefika kikiwa ubavu, na risasi hiyo haifai kwa bunduki hiyo hata kama jirani yako anaisifu.

Hatua ya 4: Rekebisha darubini

Fanya kazi hii kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, penye tuta la udongo nyuma, na asubuhi kabla upepo haujaamka. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chini ya mbao ya mbele na chini ya kitako. Usiuegemeze mtutu wenyewe, kwa sababu utapiga kwingine.

Anza na mita 25. Lengo ni kuingia kwenye karatasi bila kupoteza risasi za bei. Ukigonga katikati, au nusu sentimita chini yake, hamia mita 100.

Kwa mita 100 piga risasi tatu polepole, ukiuacha mtutu upoe kati ya mpigo na mpigo. Tafuta katikati ya matundu matatu na urekebishe kutoka hapo. Usirekebishe kwa tundu moja. Darubini nyingi husogeza milimita 7 kwa kila mlio wa kirekebishio kwa mita 100, nyingine sentimita 1; imeandikwa juu ya kifuniko cha kirekebishio.

Sasa, uweke wapi? Kama hupigi zaidi ya mita 120, weka katikati kabisa kwa mita 100, yatosha. Kama unaweza kufika 200, weka sentimita 4 juu kwa mita 100. Kwa kichwa cha ncha cha hesabu yetu, risasi itakata mstari wa jicho karibu na mita 170, na kwa mita 200 itakuwa chini sentimita 5 tu. Butu, kikiwekwa hivyohivyo, kitakuwa chini sentimita 8. Maana yake, tangu miguuni pako mpaka mita 200 unalenga katikati ya mapafu bila kuinua wala kushusha, na mabishano ya "haishuki" yanakwisha hapo.

Rekebisha kwa risasi ileile utakayowinda nayo. Vichwa viwili vya uzito mmoja kutoka viwanda viwili vinaweza kupishana sentimita 10 kwa mita 100 kwenye bunduki moja, kwa sababu mtutu hutetemeka tofauti kwa kila mzigo wa baruti. Tofauti hii ni kubwa kuliko ile ambayo umbo la kichwa litakuletea mpaka mita 200. Ukibadilisha pakiti, rudi uwanjani.

Halafu piga mita 200 kweli. Hesabu yangu ni ya karatasi, mtutu wako unaweza kuwa mfupi na mwendo ukawa mdogo. Andika ulichokiona.

Hatua ya 5: Usome upepo

Msimu mkavu kwetu ni msimu wa kusi, na kusi huamka kadiri jua linavyopanda. Asubuhi porini hewa inaweza kuwa imelala kabisa. Saa tisa alasiri, kwenye mbuga iliyo wazi upande wa pwani, majani hayatulii.

Huhitaji chombo. Ukiusikia usoni na majani yanachakarika kidogo, ni mita 2 hadi 3 kwa sekunde. Majani na vijiti vidogo vikicheza bila kukoma, ni karibu mita 4 hadi 5, ule wa jedwali letu. Ukianza kuinua vumbi, umepita mita 5 na nusu, na kwa kichwa butu mimi singepiga zaidi ya mita 100 ukiwa unavuma ubavuni. Upepo wa nusu, unaokuja kwa mshazari, hesabu kama theluthi mbili na zaidi kidogo. Unaokuja usoni au mgongoni hauisukumi risasi pembeni kwa kiwango cha kukuhangaisha.

Wafuatiliaji nyayo hubeba kifuko cha majivu na kukitikisa ili wajue harufu yao inakwenda wapi. Majivu hayohayo yakusaidie kwa shabaha. Lakini yanaonyesha upepo wa ulipo wewe tu. Tazama pia nyasi za katikati ya njia na za pale alipo mnyama. Chini ya milima ya Usambara, kuanzia Korogwe kuelekea Mombo, upepo hugonga mlima ukarudi, na nyasi za huku zinaweza kulala upande mmoja na za kule upande mwingine. Hali ikiwa hivyo, sogea karibu. Kila mita 50 unazonyemelea zinakupunguzia kosa la upepo kuliko risasi yoyote utakayonunua: kutoka 200 hadi 100, msukumo unashuka mpaka robo.

Kichaka hakipasuliwi

Imani kwamba kichwa butu kizito hupasua vijiti na kuendelea na njia yake imejeruhi wanyama wengi. Kila kichwa, butu au cha ncha, cha .30 au cha .458, hupotoka kikigonga kijiti. Kizito huweza kupotoka kidogo pungufu, lakini huwezi kujua kitakwenda wapi, na kikishaanza kuyumba kinamwingia mnyama kwa ubavu na hakifunguki ipasavyo. Kijiti kilicho mita 1 mbele ya mnyama huleta kosa dogo. Kijiti kilicho mita 20 mbele yake, yaani karibu na wewe, huleta kosa la kumtoa kabisa kwenye shabaha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kifyatulio, pitisha jicho kwenye njia yote ya risasi, si kwenye darubini peke yake, kwa sababu darubini huyafuta majani ya karibu yasionekane. Kumbuka pia kwamba mtutu uko sentimita 4 chini ya darubini: jicho linaweza kuwa wazi na mtutu ukawa unatazama kichuguu. Njia ikiwa imezibwa, subiri apige hatua mbili. Asipopiga, mwache.

Joto, unyevu na mwinuko

Haya yanapewa uzito kuliko yanavyostahili. Hewa yenye unyevu, kinyume cha tunavyohisi tukitoka jasho, ni nyepesi kuliko kavu; kwa joto la pwani tofauti haifiki asilimia 2. Hewa ya Lushoto, mita 1,400 juu, ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 kuliko ya Tanga mjini, na risasi hupoteza mwendo polepole zaidi kule. Kwa mita 200 yote hayo hayabadilishi mahali pa kulenga. Mteremko nao vivyo hivyo: kinachohesabika ni umbali wa mlalo, na mita 200 kwa mteremko wa nyuzi 30 ni kama 173, kwa bunduki iliyowekwa kama nilivyoeleza, lenga palepale.

Joto la risasi zenyewe ni jambo jingine. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa hupandisha mgandamizo wa baruti, mwendo hubadilika, na ganda linaweza kukwama chemba. Ziweke kivulini, kwenye mkanda au begi.

Utunzaji wa kichwa na mtutu

Vichwa vyenye ncha laini hupondeka mbele ndani ya magazini kila bunduki inapopiga teke. Usivitupe. Ncha iliyopondeka kidogo haibadilishi shabaha kwa umbali wetu. Kitako cha kichwa kilichopigika ndicho hatari, kwa sababu gesi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine wakati kinaacha mdomo wa mtutu, na kinaanza safari kimeinama. Kwa sababu hiyohiyo linda mdomo wa mtutu usigonge mwamba wala sakafu ya gari. Mkwaruzo mdogo pale huharibu bunduki nzima.

Chumvi ya pwani hula chuma haraka. Mwenye nyumba Pangani au Bagamoyo apitishe kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu kila arudipo, na kila mwezi hata kama hajatoka. Ila siku ya kwenda porini upitishe kitambaa kikavu kwanza, kwa sababu risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta huweza kugonga mahali tofauti na za baadaye, na porini risasi ya kwanza ndiyo unayoitegemea. Siku moja kabla ya safari, nenda uwanjani na bunduki iliyopoa na mtutu uliokaushwa, upige risasi moja tu kwa mita 100, upime tundu lilipo. Andika kipimo hicho kwenye kipande cha plasta pamoja na kushuka kwa mita 200 na msukumo wa upepo wa mita 5, ukibandike ubavuni mwa kitako, upande jicho linapoweza kukisoma bila kuishusha bunduki.